Kabla Hujanunua Samaki Mpya, Waangalie Waliomo Tangini

Watu wakishajua unafuga samaki wa mapambo, picha haziishi kwenye simu. Tangi limewashwa taa, mchanga umesafishwa, mimea imesimama vizuri, na chini ya picha kuna swali lilelile: "Dada, naona nafasi imebaki, niongeze nani?" Nami hujibu kwa kuuliza. Waliomo ni akina nani? Na maji unayatoa wapi? Wengine hapo hununa kidogo, maana walitaka jina la samaki, tena mwenye rangi. Lakini nimefuga miaka mingi hapa Dar es Salaam na msimamo wangu ni huo: samaki mpya huchaguliwa na wale atakaowakuta. Wewe mwenye tangi unatoa pesa tu.

Nianze na dukani, kwa sababu ndiko watu wanakopotezwa, mara nyingi bila nia mbaya. Unamwuliza kijana anayeuza, "Hawa wanakaa pamoja?" Anakujibu, "Wanakaa, dada, si unawaona humu?" Na kweli unawaona, enjelifishi, barbi, gapi na gurami wote ndani ya kioo kimoja, hakuna anayemgusa mwenzake. Ila tangi la dukani halikuambii kitu kuhusu tangi lako. Samaki wengi wa dukani ni watoto, hawajafika umri wa kugombea eneo wala kutafuta mwenza. Wamejazwa kiasi kwamba hakuna anayeweza kumiliki kona. Mkorofi akimfukuza mmoja, wanakatiza wengine kumi mbele yake, anachanganyikiwa na kuacha. Tena hawakai humo muda mrefu, leo wapo, kesho wamenunuliwa. Mchukue huyohuyo, mpe nyumba yenye nafasi na miezi michache ya kula vizuri, ndipo tabia yake itakapotoka.

Maji ndiyo ya kwanza kuangaliwa, na jijini kwetu maji si ya aina moja. Yapo ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanayotoka Mto Ruvu, na yapo ya visima, ambayo mtaa huu ni matamu na mtaa wa pili yana chumvi hata chai hainyweki. Kabla hujaingia gharama ya vipimo, chungulia ndani ya birika la kuchemshia maji. Likiwa limeshika ukoko mweupe, na sabuni nayo ikigoma kutoa povu, maji yako ni magumu, yaani yana madini mengi. Kwa maji hayo chukua moli, plati, soditeli na gapi, watanenepa na kuzaa mpaka uombe watu waje kuwachukua. Neoni, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa, ni habari nyingine. Asili yake ni vijito vya bonde la Amazoni, maji laini yenye asidi kidogo. Neoni wengi wanaouzwa siku hizi wamezalishwa na wafugaji, kwa hiyo huvumilia zaidi kuliko wenzao wa porini, lakini kwenye maji ya kisima cha chumvi usiwapeleke. Maji ya bomba nayo yana klorini, inayounguza matamvua na kuua bakteria wazuri wa kwenye filta. Tia dawa ya kuiondoa, au yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha pampu ya hewa ikiwa inapuliza.

Hapa niwaguse Watanzania wenzangu. Tuna maziwa mawili ambayo wafugaji wa samaki wa mapambo duniani kote huyataja kwa heshima, Tanganyika na Nyasa. Sikilidi wa huko, ambao ni ndugu wa sato na perege tunaowakaanga, wana rangi utadhani wametoka baharini. Basi mtu akiwapata hutaka awatie kwenye tangi lilelile lenye neoni na enjelifishi. Haiwezekani. Maji ya Tanganyika pH yake (kipimo cha asidi, chini ya 7 ndiyo asidi) inakaribia 9, ya Nyasa iko karibu na 8. Neoni anapenda chini ya 7. Hata ukipata maji ya katikati ambayo hakuna anayeyafurahia, kuna suala la chakula. Trofiasi, sikilidi wa Tanganyika, siku nzima hukwangua mwani kwenye mawe, utumbo wake ni mrefu wa mla majani. Ukimlisha minyoo na vyakula vya nyama unavyowapa wengine, tumbo huvimba na mara nyingi haponi. Halafu kuna ukali. Mbuna dume, sikilidi wa Nyasa, ana jiwe lake na hamtaki mtu karibu, na neoni kwake ni kitafunwa.

Sikilidi wa maziwa yetu wanastahili tangi lao peke yao, mawe mengi na ziwa moja kwa kila tangi. Ukitaka rafiki wa chini kwa sikilidi wa Tanganyika, yupo gogogo mwenye madoa wa ziwa hilohilo. Ana ujanja wake huyu: sikilidi anayelea mayai mdomoni akiwa anataga, gogogo hupita na kuangusha yake katikati, mama wa watu akayazoa yote. Vifaranga vya gogogo huanguliwa mapema ndani ya mdomo huo na kuwala wenye nyumba. Nilipokuja kujua hayo niliangalia lile tangi kwa jicho jingine kabisa, lakini kwa tabia ya kila siku ni mpole na wanaelewana.

Tukirudi kwenye tangi la mchanganyiko, joto la Dar husahaulika sana kwa sababu ushauri mwingi tunaosoma umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wanahangaika na hita, sisi kuanzia Desemba hadi Machi tunahangaika kushusha. Maji ya tangi sebuleni hufika nyuzi 29 au 30 bila kuwasha kitu. Kwa nyuzi hizo goldifishi anateseka, ni samaki wa maji ya baridi, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Neoni na koridora wengi, wale kambale wadogo wa chini ya tangi, hupenda nyuzi 22 mpaka 26, nao hudhoofika. Kwa hiyo mkazi wa Pwani aelekee kwa enjelifishi, gurami, kadinali badala ya neoni, na koridora wa aina ya sterbai, ambaye huvumilia joto kuliko ndugu zake. Aliyeko Nairobi, Arusha au Mbeya mambo ni kinyume. Juni na Julai bila hita gurami atakaa kona moja amekunja mapezi, wakati goldifishi anastarehe.

La pili ni mdomo. Samaki humla yeyote anayeenea mdomoni mwake, na hili halina uhusiano na ukali. Enjelifishi ni mtulivu, anapita taratibu na mapezi yake marefu, lakini samaki mdogo kama neoni kwake ni chakula. Enjelifishi mdogo akikua pamoja na neoni wakubwa wanaweza kuishi vizuri. Enjelifishi aliyekomaa akiletewa neoni wapya wembamba, asubuhi utahesabu na hesabu haitakaa sawa. Kwa hiyo usiulize samaki ana ukubwa gani leo. Yule pleko wa vidole viwili anayebandika mdomo kwenye kioo, anayeuzwa kama fundi wa kusafisha mwani, anaweza kupita sentimita 40, na kinyesi chake kinachafua kuliko mwani anaokula. Kama unahitaji mla mwani kwa tangi la lita 100, tafuta pleko yule mwenye ndevu puani. Anaishia sentimita 12 hadi 15. Goldifishi naye hupita sentimita 20, na ndiyo sababu sipendi kumwona kwenye bakuli la mezani hata kama limewekwa maua.

Na tafadhali, kambale mdogo ambaye watoto wamemchota mtoni asiingie. Atakula wote, tena usiku.

Tabia sasa. Taiga barbi ndiye anayeleta kesi nyingi kwangu, kwa sababu ni mzuri, ni rahisi, na ana mdomo usiotulia. Keti mbele ya tangi lenye barbi watatu na gurami mmoja, uangalie bila kugonga kioo. Gurami anashusha zile nyuzi zake mbili ndefu za kifuani, anapapasa jani, anapapasa jiwe, kama kipofu na fimbo yake. Barbi mmoja anakuja kwa nyuma, anachomoka, anadonoa ncha, anakimbia. Gurami anakunja nyuzi. Dakika haijaisha, wa pili amekuja upande wa pili. Hakuna damu, hakuna vita, na ukipita haraka utasema wanacheza. Baada ya wiki nyuzi zimebaki vipande, gurami amejibana nyuma ya filta na chakula hakifuati. Dawa moja inayosaidia ni kuwaongeza barbi wenyewe wawe wanane au zaidi, ili udonoaji wao umalizikie kwao kwa wao. Ila hata wakiwa wengi, mimi siwaweki na samaki wa mapezi marefu. Beta, gapi dume, enjelifishi, gurami, hao wote waende kwingine.

Mkorofi mwingine ni yule mweusi mwenye mkia mwekundu anayeuzwa kwa jina la papa ilhali si papa. Akiwa mdogo anajificha, akikua analinda tangi zima. Akae mmoja tu, aingie wa mwisho, na kusiwe na mwingine anayefanana naye kwa umbo.

Samaki wa kundi wanunue kundi. Neoni sita ni mwanzo, kumi ni bora. Koridora vilevile sita wa aina moja. Ukinunua mmoja wa kila rangi unapata tangi la samaki waoga. Kwa gapi, kila dume mmoja apate majike wawili au watatu, la sivyo jike mmoja atakimbizwa mpaka achoke. Kama hutaki watoto, chukua madume peke yao, kwa sababu jike wa dukani mara nyingi ana mimba tayari, na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi.

Ukishajua unamtaka nani, nenda dukani na subira. Mimi humwomba muuzaji, "Naomba uwape chakula kidogo niwaone." Anayekimbilia chakula huyo ni mzima. Aliyebana mapezi, anayehema juu ya maji, anayejikwaruza kwenye mawe, mwenye vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, au aliyekaa kwenye tangi ambalo kuna mmoja amekufa na hajatolewa, mwache, na wenzake wote wa tangi hilo waache. Usimnunue kwa huruma. Ugonjwa wa vidoa vyeupe ukiingia kwako utawapata waliokuwa wazima.

Ndiyo maana mgeni akae kwanza peke yake, wiki 2 hadi 4. Huhitaji tangi la pili la gharama. Beseni kubwa au ndoo ya lita 20, sponji iliyokaa kwenye filta ya tangi lako ili ibebe bakteria, pampu ndogo ya hewa, kipande cha bomba cha kujifichia, na kifuniko kwa sababu samaki mgeni huruka. Mpe chakula kidogo, badilisha maji mara kwa mara. Watu huniambia ni usumbufu. Kutibu tangi zima lenye mimea na samaki wa chini wasiopenda dawa ni usumbufu zaidi.

Kuingiza kwenyewe ni kazi ya jioni. Zima taa. Acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 au 20 joto lilingane, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha mtoe kwa wavu na maji ya mfukoni umwage chooni, yasiingie tangini. Kabla ya hapo hamisha mawe na magogo mawili matatu. Wenyeji wakikuta ramani imebadilika wanaanza kutafuta mahali upya, na mgeni anapata nafasi wakiwa bado hawajagawana. Walishe wenyeji kwanza, washibe.

Usiongeze wengi kwa mpigo. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti, wametosha kwa kinyesi cha waliopo. Ukileta kundi kubwa siku moja, amonia inapanda kabla bakteria hawajaongezeka. Acha wiki mbili kati ya kundi na kundi. Tangi jipya kabisa lisubiri wiki 4 hadi 6 za kukomaa, na kwa mitaa inayokatika umeme mara kwa mara, kuwa na pampu ya hewa ya betri kabla ya kufikiria samaki wa ziada.

Jambo la mwisho ni la dukani, na lifanye kabla ya kulipa. Muulize muuzaji kama atampokea samaki ikishindikana, hata kama harudishi pesa. Wengi hukubali, hasa kwa samaki aliyekua, maana hakosekani mtu mwenye bwawa uani anayemtafuta. Akikataa, jua mapema utampeleka kwa nani. Mtoni, mtaroni na kwenye bwawa la jirani asiyejua usimwachie; samaki wa kigeni akizaliana huko hakuna atakayeweza kumtoa.