Muulize Shangazi: Nikilea mtoto wa watu, atarithi kihamba?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, fundi cherehani hapa Pasua, Moshi. Mume wangu ni dereva wa lori, na watoto wetu wawili wako bweni. Tumepanga vyumba vitatu. Tunatamani kuchukua mtoto asiye na wa kumlea, lakini mashemeji zangu wa Kibosho wamekuja juu, eti tunaingiza mgeni kwenye kihamba, shamba la ukoo. Nianzie wapi?
Mama K., Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hao mashemeji. Malezi ya kambo, yaani kumlea kwa muda mtoto wa watu, si kuasili. Mtoto wa kambo unamlisha, unamvisha, unamsomesha, ila anabaki na jina lake na ukoo wake. Kihamba hakimhusu. Anayeasiliwa mahakamani ndiye huwa kama wa kumzaa. Waeleze hivyo huku mbege ikiwa mezani, watakuelewa upesi.

Pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mtendaji wa kata atakuelekeza ofisi. Usiende kupatana na mkuu wa kituo cha watoto kimyakimya. Mtoto hatolewi kama kifaranga. Afisa atakuja kwako, atatazama pa kulala, atauliza hata majirani. Kupanga si kosa. Ila baba awepo siku hiyo. Wangu alikuwa safarini, ikabidi waje tena.

Sasa lile ambalo hukuniuliza: mtoto anaweza kuondoka. Mimi nililea mvulana wa miaka sita. Mwezi wa kwanza kila asubuhi nilikuta matonge ya ugali ndani ya foronya. Sikumgombeza. Nikawa namwekea andazi kwenye kibakuli kando ya kitanda kila usiku, mpaka akaanza kuliacha pale pale hadi asubuhi. Baada ya mwaka na miezi miwili bibi yake akapatikana Rombo. Nikamfungashia nguo, akapanda Haisi na afisa. Nililia, jirani akaja na kanga begani akidhani nimefiwa.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, kwa hiyo ndugu wakipatikana na wakifaa, usitegemee kushindana nao. Kama nyinyi mnataka mtoto wa kubaki naye siku zote, mwambieni afisa tangu siku ya kwanza kwamba mnafikiria kuasili, msije mkapokea wa kambo huku mmeshampangia maisha.

Zungumza na mume wako akirudi safari. Na foronya, nunua za kubadilisha.