Valvu ipi kwa safari ndefu? Mafundi wanawajibu wasomaji

Nimenunua baiskeli ya mtumba iliyotoka Ulaya. Ringi zake ni 700C, tairi za upana wa milimita 38, na tyubu zina valvu nyembamba. Nataka kutoka nayo Sumbawanga hadi Kigoma kupitia Mpanda, na mizigo nyuma. Fundi mmoja ananiambia nitoboe ringi niweke valvu za pikipiki. Mwingine anasema nitaziharibu. Nimsikilize nani? (Msomaji, Iringa)

Wote wawili wana hoja, na wa kuwaamua ni upana wa ringi. Vua tairi, pima kwa ndani kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Ukipata milimita 19 au zaidi, toboa bila wasiwasi. Ukipata 15 au pungufu, usithubutu: kitako cha valvu ya pikipiki ni kinene, kitabanwa katikati ya kingo za tairi na kuzizuia zisikae, na tairi itabenjuka pale pale penye valvu. Ikiwa katikati ya vipimo hivyo, sisi tungeiacha ilivyo. Ringi ya kaboni haitobolewi kabisa.

Faida ya kutoboa iko hivi. Valvu nyembamba, yaani Presta, ina shina la milimita 6, na ringi yake ina tundu la 6.5 hivi. Tyubu za namna hiyo utazipata kwenye maduka machache ya mijini. Huko njiani, duka la spea kwa kawaida lina aina mbili: zenye valvu ya pikipiki, ambayo ndiyo Schrader, na zile za baiskeli ya Phoenix, 28 × 1½, zenye valvu ya Dunlop, ile ya kijipira. Zote mbili zinahitaji tundu la 8.5. Kwa hiyo tundu moja likipanuliwa linakufungulia maduka ya aina zote mbili. Na tyubu ya Phoenix inaingia kwenye tairi yako: ringi ya 28 × 1½ ina kipenyo cha milimita 635, yako 622, tofauti ni 13 tu. Tyubu itakuwa na ulegevu kidogo. Ijaze upepo kiasi cha kujishika umbo kabla ya kuiingiza, uisambaze kwa vidole isijikunje.

Kutoboa kwenyewe si kazi ya pupa. Toa tairi, tyubu na utepe wa ringi. Anza na keekee ya milimita 7, kisha 8, umalizie na 8.5. Ukirukia 8.5 moja kwa moja, keekee hung'ata alumini na kuvuta tundu upande. Ringi ya kuta mbili itobolewe kuta zote mbili, keekee ikiwa imenyooka kuelekea habu, yaani kitovu cha gurudumu. Halafu ndipo watu wengi wanapoharibu: wanaacha makali. Chukua tupa ya duara, lainisha mdomo wa tundu ndani na nje mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Tikisa ringi mpaka vumbi la chuma lililoingia kati ya kuta liishe, ndipo urudishe utepe.

Baadaye ukitaka kurudisha valvu nyembamba, inawezekana, lakini weka kipete cha mpira cha kupunguza tundu. Usipoweka, tyubu itasukumwa na upepo kuingia kwenye nafasi inayobaki, na itapasuka kwenye shingo ya valvu. Ukikosa kipete, kata vipande viwili vya tyubu chakavu, ukubwa wa stempu, vitoboe katikati, uvivishe shina kwa upande wa ndani.

Ukinunua tyubu za Ulaya, soma boksi: AV ni ya pikipiki, SV au FV ni nyembamba, DV ni Dunlop.

Nina valvu nyembamba na kiunganishi cha shaba cha kujazia kituo cha mafuta. Juzi tairi iliruka kwenye ringi ikapasuka kwa kishindo. Kiunganishi ni kibovu? (Msomaji, Kitale)

Hakina kosa. Mashine ya kituo imetengenezwa kwa tairi la gari, na tairi yako inajaa kwa sekunde chache. Fungua kwanza kinati cha juu cha valvu, kibonyeze upepo utoke kidogo ili kisigande, kisha kaza kiunganishi kwa vidole. Jaza mpaka 20 psi, simama, zungusha gurudumu uone ule mstari mwembamba ubavuni mwa tairi unakwenda sambamba na ringi pande zote. Ndipo uendelee kwa kugusa-gusa tu. Tairi ya 38 yenye mizigo inatosha na 60 psi nyuma, mbele pungufu kidogo, na kamwe usipite kiwango kilichoandikwa ubavuni.

Tyubu zangu zinachanika kila mara kwenye shina la valvu, si kwa miiba. Nabadilisha chapa bila mafanikio. (Msomaji, Moshi)

Chapa haihusiki. Tazama shina: likiwa limelala upande badala ya kuelekea habu, tairi inateleza kwenye ringi kila unapofunga breki na kuvuta tyubu. Sababu kubwa ni upepo mdogo. Toa upepo wote, rudisha tairi mpaka shina lisimame, jaza vizuri. Ukiona shina limesimama, basi chunguza ile nati ya shina inayokaa kwenye ringi: wengi huikaza kwa koleo. Ikaze kwa vidole tu, au itupe kabisa, haizuii upepo. Na unapojaza kwa pampu ndogo isiyo na bomba la mpira, shika kichwa chake na gurudumu kwa mkono mmoja, la sivyo kila msukumo unalipinda shina.

Valvu ya Dunlop inatoa upepo polepole usiku. Nibadilishe tyubu? (Msomaji, Mpanda)

Hapana, badilisha kijipira. Fungua nati ya juu, chomoa valvu, vua kijipira cha zamani. Kipya kilowanishe kwa mate, kivute kifunike kitundu cha pembeni mpaka kwenye bega la valvu. Jua hukikausha, kwa hiyo beba vitatu vinne. Ni vyepesi kuliko kiraka.