Kava la AC ya nje: pima mwenyewe kabla ya kununua

Dada, umesema muuzaji kakwambia utaje tu BTU 12000 (kipimo cha nguvu ya AC kupoza) upate kava, usinunue hivyo, mashine mbili za BTU hizohizo za kampuni tofauti zinaweza zisilingane kabisa. Chukua tepu, pima upana, kimo na kina cha mashine ya nje, na pale pembeni zinapoingia paipu za kopa kuna kile kifuniko cha valvu kimejitokeza, anzia hapo kupima, watu wengi wanakiruka halafu kava linagoma kushuka. Ongeza sentimita 3 hivi, inatosha, likizidi sana upepo unalipigapiga mpaka lichanike.

Ila kwa hapo unapokaa Kigamboni, na hiyo chumvi ya bahari, mimi nisingechukua la kufunika mpaka chini, linafungia unyevu ndani na skrubu zinaanza kula kutu. Chukua la juu tu, hapo unahitaji upana na kina, kimo achana nacho.

La kufunika lote labda mkisafiri muda mrefu, na zima breka ya umeme wa AC kwanza jamani, maana mkirudi na mtoto akiwasha kwa rimoti wakati feni imezibwa, kompresa inachemka na inaweza kuungua.