Mshahara Huhama, Mchongo Hubaki Kariakoo

Swali la wiki lilikuwa: "Ukipata nafasi ya kuhama Dar es Salaam ukaishi mji mdogo, utapima nini kwanza, gharama za maisha au ubora wa maisha?" Mimi nimekwisha kuhama. Naishi Mikanjuni, Tanga, na mume wangu na watoto, na jibu langu ni kwamba vyote viwili vinasubiri. Kwanza jua pesa yako inatoka wapi hasa, na ni ipi kati yake itakayopanda basi pamoja nawe.

Watu wengi wa Dar tunakula kwa mikono miwili, na mkono tunaoutaja mbele za watu mara nyingi siyo unaotushibisha. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha. Tulipokuwa Tabata, mshahara wangu ulilipa kodi ya nyumba na ada za watoto, ukaishia hapo. Mboga, nauli, dawa na michango vilitoka kwenye maduka ya Kariakoo: nilikuwa nawaandalia hesabu na ritani za kodi za TRA wafanyabiashara wasiotaka kuajiri mhasibu wa kudumu. Huo ndio uliokuwa mchongo wangu, kazi ya jioni na Jumamosi.

Ofisi iliponiambia niende Tanga kwa mshahara uleule, kila aliyesikia alinipa hongera. Mshahara wa Dar, bei za Tanga! Aliyeuliza Kariakoo itakuwaje ni mume wangu peke yake, na aliuliza kwa sababu yeye hana mshahara. Ni fundi wa viyoyozi na majokofu. Wateja wake wote walikuwa kwenye simu yake, na wote wako kati ya Segerea na Mikocheni.

Niseme kwa nini ofisi ilinihamisha, maana inahusu hesabu. Zamani meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali na gati la Tanga, mizigo ikashushwa kwa matishari. Serikali ikatumia zaidi ya shilingi bilioni 429 kuchimba kina kutoka mita 3 hadi 13 na kujenga gati jipya, na sasa meli zinafunga gatini. Mizigo imeongezeka, mawakala wamefuata. Ongeza na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, la kilomita 1,443, ambalo mwisho wake ni Chongoleani, hapa hapa Tanga. Madalali wa nyumba wanalijua bomba hilo kuliko wahandisi. Wa kwetu, kila tulipoomba apunguze, alijibu, "Dada, hii nyumba watu wa bomba wanaitaka." Tulipoichukua hatimaye, ilikuwa haijapata mpangaji kwa muda mrefu kiasi kwamba popo walikuwa wamehamia darini.

Kabla ya kukubali tulichukua daftari tukaorodhesha matumizi yote ya mwezi, halafu tukaweka alama kwenye yale ambayo hayabadiliki hata ukihamia Namtumbo. Alama zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Bei ya umeme ni moja nchi nzima: mteja wa kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti katika zile 75 za mwanzo wa mwezi, kabla ya kodi na tozo, na akizidisha ni shilingi 350. Bando la simu ni lilelile. Mkopo wa benki, uleule. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, uwe Posta au Pongwe. Petroli nayo haina nafuu: EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa kufuata bandari za Dar, Tanga na Mtwara, na ya Tanga mara nyingi huizidi ya Dar kwa shilingi kadhaa. Joto la Januari hapa ni lile la Dar, kwa hiyo feni inazunguka usiku kucha na zile uniti 75 haziufikishi mwezi. Nikiwa hapo hapo: ukipanga nyumba, uliza kama ina mita yake ya LUKU. Wapangaji mkichangia mita moja, ile bei ya 100 isahau, na ugomvi wa nani ana friji utakuwa wa kila wiki.

Yaliyobaki bila alama yalikuwa machache lakini mazito. Kodi ya nyumba: Tabata tulilipa 300,000 kwa mwezi, hapa 180,000 kwa vyumba viwili, sebule, choo cha ndani na ua. Nauli: ilikuwa inakula pesa na inakula siku, hapa ni karibu na hakuna. Mji ni tambarare, watu wanaendesha baiskeli, wanawake kwa wanaume, na mtu mzima akipita juu ya baiskeli hakuna anayemhurumia. Mume wangu huenda kwa wateja kwa baiskeli, mfuko wa vifaa nyuma. Dar fundi akifika hivyo, mteja anajua huyu hana kazi.

Chakula ni habari ndefu, na hapa ndipo wageni wengi hudanganywa na ile wiki moja ya likizo. Ukija Desemba au Januari, wakati wa kaskazi, bahari imetulia, ukienda soko la Deep Sea unarudi na samaki huku unacheka. Rudi wakati wa kusi, bahari imechafuka, vyombo vingi viko ufukweni, uone kibua anauzwaje. Machungwa ya Muheza yakiwa msimu wake ni karibu na bure. Muhogo, nazi na maziwa vina nafuu ya kweli, Tanga ni mji wa ng'ombe wa maziwa kwa muda mrefu. Lakini mchele, maharage, sukari na mafuta ya kula vimesafiri kuja hapa kama vilivyosafiri kwenda Dar. Familia inayokula wali na maharage siku tano kwa wiki haitaona tofauti kubwa. Inayokubali kubadilisha sahani, ikala bada, yaani ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki, itaiona. Watoto wangu bada waliikataa kwa muda, wakaja kuizoea kwa majirani, siyo kwangu.

Maji nayataja haraka kwa sababu hayatusumbui. Yanatoka Mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, yanakusanywa bwawa la Mabayani. Mamlaka ya maji ya Tanga ilifika mahali pa kuuza hatifungani ya kijani, yaani kukopa kwa umma kwa ajili ya mradi wa mazingira, mwaka 2024, ikitafuta shilingi bilioni 53.12 za kupanua mtandao, na watu wakanunua. Aliyewahi kununua maji ya boza Dar atanielewa kwa nini nimeyaweka kwenye safu ya ubora wa maisha na pia kwenye safu ya pesa.

Sasa michongo. Wateja wangu wa Kariakoo waligawanyika wenyewe. Ritani siku hizi zinawasilishwa kwa mtandao, kwa hiyo wale waliokuwa wakinitumia picha za risiti kwa WhatsApp nimebaki nao mpaka leo. Wale ambao hesabu zao ni mfuko wa nailoni uliojaa risiti za EFD, zile za mashine za kodi, pamoja na maelezo ya mdomo ya nani anadaiwa nini, nimewapoteza, na ndio walionilipa vizuri zaidi. Tanga kuna maduka, ndiyo, lakini mwenye duka wa Ngamiani anamjua mhasibu wake tangu madrasa. Siwezi kumlaumu.

Kwa mume wangu ilikuwa ngumu zaidi. Majumbani viyoyozi ni vichache, na benki, hoteli na ofisi zina mikataba na mafundi wao. Dar mteja anakutafuta mtandaoni, hakujui, hakuulizi. Hapa swali la kwanza lilikuwa, "Wewe fundi wa nani?" maana yake nani anakufahamu. Miezi ikapita simu ikiwa kimya. Kilichomtoa ni kuacha kutafuta viyoyozi. Alitazama mji unauza nini: samaki na maziwa. Vyote vinaoza. Nyuma ya kila muuza samaki kuna friza, nyuma ya kila muuza maziwa kuna friza, na friza zenyewe ni kuukuu, zinafanya kazi karibu na chumvi ya bahari. Mama mmoja wa maziwa pale Makorora akamwita, mume wangu akamtengenezea friza, kisha shangazi ya mama huyo naye akamwita. Tangu hapo amekuwa "fundi wa Mama wa maziwa", na jina hilo linamlisha.

Lakini mpaka hapo, kwa karibu mwaka mzima, kipato chetu kilikuwa kimeshuka kuliko matumizi yalivyoshuka. Tulikuwa tumeweka akiba ya kufidia pengo hilo, la sivyo tungerudi kimyakimya, na watu wangesema Tanga ni waja leo waondoka leo.

Kuna matumizi mawili ambayo sijaona mtu akiyaweka kwenye hesabu za kuhama. La kwanza ni Dar yenyewe. Ni kama kilomita 350, basi linaondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, linapita Segera na Muheza, linakushusha Kange, na siku yako imekwenda. Barabara ya pwani ya Bagamoyo, Saadani na Pangani inajengwa; siipigii hesabu mpaka niipite. Hospitali ya Bombo inatutosha kwa mambo ya kawaida. Mama mkwe ana kliniki ya moyo katika Taasisi ya Jakaya Kikwete, Dar, kwa hiyo kila tarehe yake inapofika ni nauli za watu wawili kwenda na kurudi, chakula cha njiani, na siku ya kazi iliyopotea. Mwenye rufaa ya hospitali ya KCMC, Moshi, hali yake ni hiyo hiyo upande wa pili. Gawanya gharama hiyo kwa miezi, iweke kwenye bajeti kama unavyoweka kodi ya nyumba. Baada ya kufanya hivyo, ile tofauti yetu ya 120,000 kwenye kodi ya nyumba ilinywea.

La pili ni michango. Makundi ya WhatsApp ya harusi za Dar hayana habari kwamba umehama. Kadi zinakuja vilevile. Na huku nako una majirani wapya, ambao hawaombi pesa nyingi, wanaomba wewe mwenyewe: ukae msibani, umenye vitunguu, ulale kwenye mkesha wa shughuli. Ukituma elfu ishirini kwa simu na kubaki nyumbani, hujafanya kitu. Mimi nusu ya hayo nayapenda, nusu nachoka. Nikichelewa kurudi, nakuta majirani watatu wamekwisha kumuuliza mume wangu niko wapi. Kwa upande mwingine, wanangu wanarudi shule peke yao kwa miguu, jambo ambalo Tabata nisingelithubutu, na jioni ninafika nyumbani jua bado lipo, nawasimamia kazi za shule badala ya kuwakuta wamelala.

Watumishi wa umma mnaofikiria uhamisho, kumbukeni kwamba ukihamishwa na mwajiri unalipwa gharama, ukiomba mwenyewe unajigharamia mzigo, nauli na yote. Kwa mwalimu anayefundisha tuisheni jioni Dar, hasara ya kweli ni ile tuisheni, lori la kubeba vitanda ni gharama ya mara moja.

Na ambaye anaishi kwa wingi wa watu, afikiri mara mbili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar. Mkoa wote wa Tanga, kuanzia Lushoto mpaka Pangani, una watu milioni mbili na laki sita. Mdogo wangu anauza kava na chaja za simu Kariakoo, alitaka kutufuata. Nikamwambia asihame, aje kwanza na begi moja. Akaja, akakaa Ngamiani na bidhaa zake, akauza kidogo kidogo, akafungasha akarudi. Siku hizi analeta mzigo kuelekea Idd, watu wanaponunua kwa kasi, analala sebuleni kwetu, na mzigo ukiisha anapanda basi.