Maharage ya pembeni kwa mzee mwenye presha

Dada ulouliza mboga ya chapchap ya maharage ya kuweka pembeni ya sato, mzee wako kaambiwa apunguze mafuta na chumvi, we piga kachumbari ya maharage tu. Mama angu ana presha na hapa kwetu Kirumba hii inatoka karibu kila wiki.

Loweka usiku, maji yale mwaga, chemsha na mapya bila magadi, najua wengi tunatupia ili yaive mkaa usiishe ila magadi nayo ni sodiamu kama chumvi, sasa unabana huku unaachia kule. Chemsha mengi siku moja ugawe kwenye vifuko, tupa friza, hapo ndo uharaka unapokuja.

Vikombe 2 vya maharage yaloiva, kitunguu kata nyembamba (usikikamue na chumvi kama tulivyozoea, osha na maji ya uvuguvugu ukali unatoka), nyanya 2, hoho, giligilani, kamulia ndimu 2 na kijiko 1 cha alizeti basi. Yaache dakika 10 yanyonye ile ndimu, chumvi hata huikumbuki, kweli tena. Zile nyuzinyuzi za maharage ndo zinasaidia kushusha kolestro.

Sato mchome au mchemshe, ukimkaanga kwenye mafuta ya kuogelea kazi yote bure. Ila kama mzee ana shida ya figo muulizeni daktari kwanza, maharage yana potasiamu nyingi.