Kabla hujavuka kwenda Manda

Waalaikum salaam mwanangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa kwenye basi natoka kazini. Umeuliza kuhusu safari yako ya kuja kusoma: utie nini sandukuni, koti ununue huko au huku, hiyo nikaha ifungwe kabla ya safari au isubiri, na kama kweli maisha ya Uingereza ni kama yanavyosimuliwa barazani Langoni, hapo Lamu. Nakujibu kwa maandishi ili na mamako asome, maana mengine yanamhusu yeye zaidi yako.

Vyeti kwanza, kwa sababu kila kitu kingine utakachosahau kinauzwa huku Leicester, Uingereza. Zile kadi za ukaazi tulizokuwa tukipewa zamani zilikwisha kazi mwisho wa 2024. Ruhusa yako sasa imo kwenye akaunti ya intaneti ya uhamiaji wa Uingereza, na pasipoti lazima iwe imeunganishwa na akaunti hiyo. Ingia leo, si siku ya safari, utazame namba ya pasipoti iliyomo ni hiyohiyo uliyoshika mkononi. Watu wa ndege Nairobi hukagua kabla ya kukuruhusu kupanda, na jina lisipolingana utabaki kaunta unapiga simu. Kisha hakikisha laini yako ya Kenya imewashwa romingi kabla hujaondoka, maana akaunti ile hutuma namba za uthibitisho kwenye simu au baruapepe, na benki yako pia. Laini ikifa, umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe.

Cheti cha kifua kikuu usikiache kwa kuwa viza imeshatoka. Kibebe chenyewe pamoja na barua ya chuo na vyeti vya shule, vyote kwenye mkoba wa mkononi. Dawa zako zikae kwenye pakiti zake na karatasi ya daktari.

Sasa safari yenyewe. Ndege nyingi ndogo za kutoka uwanja wa Manda zinakupa kilo 15, na ile kubwa ya Nairobi mara nyingi inakupa 23 kwa sanduku moja, basi soma tiketi zote mbili kabla hamjaanza kushindilia. Kama uzito hautoshi, sanduku litangulie na basi kutoka Mokowe, upande wa bara, au upande basi wewe mwenyewe. Barabara ya Witu mpaka Garsen ina lami siku hizi, ingawa vituo vya polisi bado vinakula muda. Utakalofanya lolote, usipange kutoka Lamu siku ileile ya ndege kubwa. Ndege ndogo nyingi hutua Wilson, yako inaondokea Jomo Kenyatta, na katikati kuna foleni ya Nairobi. Lala Nairobi siku mbili kwa jamaa zetu, wamefurahi sana kusikia unapita.

Mizigo ya watu ndiyo itakayokugombanisha. Siku za mwisho nyumba itajaa, kila anayekuja kukuaga ana kifurushi kidogo cha mwanawe aliye London, na atakwambia hakina uzito. Mwanangu, usibebe kitu usichokiona kikifungwa. Uwanjani utaulizwa kama sanduku umelifunga mwenyewe, na jibu ni lako wewe, si la jirani. Miraa ni haramu kwa sheria ya huku tangu Juni 2014, hata kishada kimoja. Nyama kavu na samli kutoka Kenya haziruhusiwi kuingia kabisa. Halua mwambie muuzaji akupe iliyopikwa kwa mafuta, usijitie kwenye ubishi wa samli saa kumi na mbili asubuhi na afisa ambaye hajawahi kuionja.

Samaki mkavu, kwa ajabu ya mambo, anaruhusiwa mpaka kilo 20. Ila papa muache kwa bibi. Novemba 2022 ukoo mkubwa wa papa uliingizwa kwenye mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini, na sidhani utaweza kumweleza mtu wa forodha kipande kile ni cha papa gani. Ng'onda wa nguru atatosha.

Bizari, iliki, nazi, mihogo, usivibebe. Leicester imejaa Wahindi, na wengi ni familia zilizotoka Afrika Mashariki, wengine walifukuzwa Uganda 1972. Utaingia dukani ukamkuta mzee akakuuliza kwa Kiswahili safi unatoka wapi. Pale mtaa wa Highfields Kisomali utakisikia barabara nzima na misikiti ipo karibukaribu. Plagi za huku ni zilezile za pini tatu, kwa hiyo anayetaka kukuuzia kigeuzi umpite. Leta kanga nyingi. Koti usinunue: yale ya mitumba yanayouzwa soko la Kongowea, Mombasa, mengi yalitoka huku huku, na huku yapo kwenye maduka ya hisani kwa bei ya kawaida. Sweta moja la kushukia litatosha, Septemba bado hakujawa kubaya.

Kuhusu nikaha, hapa nasema na mamako. Dada, nasikia mna haraka ili bwana harusi apate kumfuata. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya kufundishwa darasani haruhusiwi kuja na mume wala watoto. Aliyewaambia vingine ama hajui, ama anauza kitu. Kama wanapendana, kheri, waoane. Ila kuoana kwa ajili ya viza isiyokuwepo ni kumfunga mtoto na kumnyima usingizi, na kijana naye atakaa anahesabu miezi.

Na pesa. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa aliyetimiza miaka 21 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mwanafunzi wa chuo kama wewe haruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Piga hesabu: pauni 244 kwa wiki, ukipata hizo saa zote, na wengi hawazipati miezi ya mwanzo. Ukizigeuza shilingi ni elfu arobaini na kitu, na hapo ndipo watu wa nyumbani wanapoishia. Hawaioni kodi ya chumba inayochukua sehemu kubwa, basi, umeme, karo iliyobaki. Mwenye nyumba England haruhusiwi kukudai amana inayozidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida, na usimtumie yeyote senti moja kwa chumba ambacho mimi sijakwenda kukitazama.

Kwa hiyo wanaokuja kukuaga usiwaahidi kitu. Najua inavyokuwa: mtu anakusomea dua, anakushika mkono, halafu anataja ada ya mtoto. Mwitikie "inshallah" usiyoikusudia na ataishika miaka. Mwambie unakwenda kusoma. Bangili alizouza mamako ndizo deni lako la kwanza, wengine wapange foleni nyuma yake.

Je, ni kuzuri? Ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, umeshailipa pamoja na viza, basi ukishuka tu jiandikishe kwa daktari wa mtaa uitumie. Maktaba zimefunguliwa, hakuna anayekuuliza wewe mtoto wa nani. Hilo la mwisho mwanzoni litakufurahisha, baadaye litakuchosha. Disemba jua linatua kabla ya saa kumi alasiri. Juni Magharibi inaingia saa tatu na nusu usiku na Isha inakukuta umesinzia. Hakuna anayepiga hodi. Mimi ningekuja tena, nakwambia kweli, lakini nisingekuja kwa sababu ya mshahara.

Mpaka saa za huku zirudishwe nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mko mbele yetu kwa saa mbili, baadaye tatu, msinipigie alfajiri yenu. Nitumie namba ya kiatu chako kabla ya Ijumaa. Jumamosi napita madukani na viatu vya mvua ndivyo vinavyoisha mwanzo.