Mungu mmoja, sanamu nyingi: jirani yako hakudanganyi

Ndugu muulizaji, unashangaa jirani yako Mhindu anavyosema kwamba Mungu ni mmoja, ilhali nyumbani kwake kuna sanamu za miungu kama Ganesha na Lakshmi. Hakudanganyi. Katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, mojawapo ya maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, Shakalya anamuuliza mwenye hekima Yajnavalkya miungu ni mingapi, anajibiwa kuwa ni 3,306, naye, kwa kutoridhika, anarudia swali lile lile, na idadi inashuka hadi 33, kisha 6, 3, 2, mmoja na nusu (naam, na nusu!), na mwishowe mmoja, ambaye ni pumzi ya uhai, yaani Brahman, uhalisi mkuu ulio chanzo cha vyote.

Hata hivyo, usidhani kwamba Wahindu wote wanalielewa jambo hili kwa namna moja. Wafuasi wa mwanafalsafa wa Kihindu Shankara huona maumbo yote kuwa njia za kuuelekea uhalisi mmoja usio na umbo, lakini wafuasi wa mwanafalsafa mwingine, Madhva, hushikilia kwamba mungu Vishnu peke yake ndiye mkuu, na wengine wote, Lakshmi akiwemo, humtegemea yeye. Kwa hiyo nakushauri usimuulize jirani ana miungu mingapi, kwa kuwa swali hilo humlazimisha mtu kujitetea; muulize ibada yake humwelekea nani hasa, na kwa nini Ganesha, mwondoa vikwazo, huombwa kwanza.